Anayeandika Programu Naye Ana Dhima

Mnamo tarehe 10 Machi 2019, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, dakika 6 tu baada ya kupaa. Watu wote 157 waliokuwamo waliaga dunia. Wakenya kati yao walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya raia wa nchi nyingine yoyote. Msiba wa namna hii unapotufika hatukawii kujiliwaza kwa methali kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina pahali pake matangani, nami sina nia ya kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini wachunguzi walipopekua habari za ndege hiyo, na za nyingine ya aina iyo hiyo iliyotumbukia baharini nchini Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 ikiwa na watu 189, ilidhihirika kwamba kinga ilikuwapo, ila waliopaswa kuiweka hawakuiweka.

Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa taratibu, maana wengi waliokisikia walikisikia nusunusu. Kampuni ya Boeing iliunda ndege ya 737 MAX kwa kuchukua umbo la zamani, lililoanza kuruka katika miaka ya 1960, na kulifunga injini kubwa zaidi zilizosogezwa mbele. Injini hizo, katika hali fulani, ziliifanya ndege ielekee kuinua pua. Ili kuirekebisha tabia hiyo iliongezwa programu ya tarakilishi iliyoitwa MCAS, ambayo kazi yake ilikuwa kulisogeza bapa la mkiani bila rubani kuamuru, ili pua ishuke. Programu hiyo ilitegemea habari za kihisi kimoja tu, yaani kifaa kidogo kilichochomoza ubavuni karibu na pua kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo, ijapokuwa ndege ilikuwa na vihisi viwili vya aina hiyo. Kihisi kilipotoa habari za uongo, programu iliamini. Ikaishusha pua. Marubani wakaiinua, nayo ikaishusha tena, na tena. Marubani wale wa Indonesia hawakuwa hata wameelezwa katika vitabu vyao kwamba kitu hicho kimo ndani ya ndege wanayoiendesha.

Msomaji asidhani kwamba aliyeiandika programu hiyo alikosea hesabu. Programu ilitenda sawasawa na ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa katika agizo lenyewe, na katika ukimya wa wote waliolipokea likapita mikononi mwao. Swali la kuulizwa lilikuwa jepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili angeliuliza: je, kifaa hiki kimoja kikidanganya? Na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba swali hilo liliulizwa. Barua ya ndani ya kampuni iliyoandikwa mwaka 2015, ambayo ilisomwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 2019, ilionyesha mhandisi akihoji iwapo ndege haitakuwa hatarini endapo kihisi kimoja kitaharibika. Ndege ziliporuhusiwa kuruka tena nchini Marekani mwezi Novemba 2020, programu ilikuwa imebadilishwa ilinganishe vihisi vyote viwili, na isiishindanie pua na rubani bila kikomo. Marekebisho hayo yangeweza kufanywa tangu mwanzo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatugusa, na kwa sababu kinaliweka wazi jambo ambalo sisi walimu na wanafunzi wetu hulipita kwa haraka. Tunapozungumza juu ya kazi ya kuandika programu, huisifu kama njia ya ajira, kama ujuzi wa karne hii, kama mkate wa vijana. Ni nadra kuizungumzia kama taaluma yenye dhima juu ya maisha ya watu wasiomjua mwandishi wala yeye kuwajua. Mtu hawezi kuamka tu asubuhi akajiita daktari nchini Kenya, wala wakili, wala mwalimu. Kila mmoja kati ya hao yumo katika orodha, na jina lake laweza kufutwa. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamkataza mtu ambaye hakusajiliwa kujitangaza kuwa mhandisi. Lakini yule anayeandika programu inayopima dawa hospitalini, au inayohesabu alama za mtihani, au inayobeba fedha za mama mboga kutoka simu moja hadi nyingine, hahitaji kuwa katika orodha yoyote.

Jina "uhandisi wa programu" lilipata umaarufu katika mkutano ulioitishwa chini ya mwavuli wa NATO mjini Garmisch, Ujerumani, mwezi Oktoba 1968. Waandalizi walilichagua kwa makusudi, kama uchokozi, kwa maana wakati huo programu zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama na kuvunjika mikononi mwa wenyewe, ilhali wajenzi wa madaraja walikuwa na kanuni, vipimo na mazoea ya kuwajibika. Kulipachika jina la uhandisi kulikuwa sawa na kukiri kwamba kitu hicho kinatakikana lakini bado hakijapatikana. Zaidi ya nusu karne imepita. Jina limekolea, sina hakika kama mazoea ya wajenzi wa madaraja nayo yamekolea.

Kisa cha pili hakina ndege wala moshi, na kwa maoni yangu ni kibaya zaidi, kwa kuwa kilichukua miaka mingi mchana kweupe. Kuanzia mwaka 1999, shirika la Posta la Uingereza lilianza kutumia mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Posta nyingi za vijijini na mitaani nchini humo huendeshwa na watu wa kawaida, aghalabu wenye duka dogo, ambao mkataba wao uliwataka walipe upungufu wowote wa fedha. Mtambo ukaanza kuonyesha upungufu ambao haukuwapo. Walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao pekee wenye shida hiyo. Wakalipa kutoka mifukoni mwao, wakauza nyumba, wakashtakiwa kwa wizi. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa ushahidi uliotokana na mtambo huo. Wapo waliofungwa, mmoja wao akiwa mja mzito. Wapo waliojiua.

Ndani ya kampuni kulikuwa na kumbukumbu za hitilafu zilizojulikana, lakini washtakiwa hawakuonyeshwa. Aidha, ilisemekana kwamba hakuna mtu awezaye kuingia katika hesabu za posta akiwa mbali, ilhali wafanyakazi wa kampuni waliweza. Haya yote yaliwekwa wazi na Mahakama Kuu ya Uingereza mwezi Desemba 2019, katika kesi iliyoletwa na Alan Bates na wenzake, jumla yao 555. Mwezi Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilizifuta hukumu za watu 39 kwa mpigo, na mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria maalumu ya kuzifuta zilizosalia.

Jiulize, msomaji, ni watu wangapi walioketi mbele ya tarakilishi zao katika miaka hiyo wakijua kwamba mtambo una kasoro, huku wakisoma magazetini kwamba bibi fulani wa posta amefungwa kwa wizi. Hawakuwa majambazi. Walikuwa na mishahara, mikopo ya nyumba, watoto shuleni, na mkubwa wa idara ambaye hakupenda habari mbaya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana taaluma nyingine hazikuiacha dhamiri ya mtu isimame peke yake, ziliipa kanuni ya kuegemea, ili anayekataa aweze kusema, "Si mimi ninayekataa, ni kazi yangu inayonikataza."

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo wanafunzi wetu wa uanasheria wangefanya vyema kulitazama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa tarakilishi athibitishe kwamba chombo kilikuwa kikifanya kazi barabara. Kifungu hicho kilifutwa na sheria ya mwaka 1999, mwaka uleule wa Horizon, na mahakama zikarudia dhana kwamba chombo ki sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtu maskini mwenye duka angethibitishaje? Hapa kwetu, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kuhusu ushahidi wa kielektroniki, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilionyesha, ilipoufuta uchaguzi wa urais, kwamba haiko tayari kuamini mitambo ambayo wenyewe wamekataa kuifungua ikaguliwe. Hilo ni jema. Hata hivyo cheti hutiwa sahihi na mtu, na thamani yake haizidi ujuzi na uaminifu wa mtu huyo.

Si kwamba kanuni hazijaandikwa. Mwaka 1999 vyama viwili vikubwa vya wataalamu wa tarakilishi, ACM na IEEE Computer Society, viliidhinisha kwa pamoja kanuni za maadili ya wahandisi wa programu. Zina misingi 8. Wa kwanza unahusu umma, na ndio unaotangulia yote. Wa pili unamtaka mhandisi amtumikie mwajiri na mteja wake, lakini kwa kadiri isiyoyadhuru maslahi ya umma. Mpangilio huo una maana. Aliyeuandika alijua kwamba siku itafika ambapo mwajiri na umma watavuta kamba pande mbili. Msingi wa nane, wa mwisho, unahusu nafsi ya mhandisi mwenyewe: kwamba ataendelea kujifunza kazi yake maisha yake yote.

Mfano wa mtu aliyeishi kwa kanuni hizo kabla hazijaandikwa ni David Parnas. Mwaka 1985 aliteuliwa katika jopo la kuishauri serikali ya Marekani kuhusu programu za mpango wa Rais Reagan wa kuzuia makombora kutoka angani. Malipo yalikuwa dola 1,000 kwa siku. Parnas hakuwa mpinga majeshi. Alikuwa amelishauri jeshi la wanamaji la Marekani kwa miaka. Alijiuzulu mara tu baada ya kikao cha kwanza, akaandika mfululizo wa makala akieleza kwa nini programu kubwa kiasi hicho, ambayo haiwezi kujaribiwa katika hali halisi kabla ya siku ya vita, haiwezi kuaminiwa. Zingatia kwamba hakutoa hotuba ya amani. Alitoa hoja za kazi yake, ambazo wenzake waliweza kuzipima na kuzipinga, na wengine walizipinga kweli. Ujasiri wake ulitokana na kuijua kazi. Asiyeijua kazi yake hawezi kukataa kwa hoja. Atanung'unika tu, kisha atatii.

Basi je, tuwasajili wote? Wamarekani walijaribu. Jimbo la Texas lilikubali kuwapa leseni wahandisi wa programu mwaka 1998, na chama cha ACM kikapinga wazo hilo kikisema ujuzi wenyewe haujakomaa kiasi cha kuweza kupimwa kwa leseni. Mtihani wa kitaifa wa leseni ulianza kutolewa mwaka 2013, lakini waliojitokeza kuufanya walikuwa wachache mno hata ukasimamishwa mwaka 2019. Hapa Kenya, mswada wa kuwasajili wataalamu wa teknolojia ya habari uliletwa Bungeni mwaka 2016, ukapingwa vikali, kisha ukarudi tena miaka iliyofuata. Wapinzani walihofu kwamba utawafungia mlango vijana waliojifundisha wenyewe, na kwamba ada ya kila mwaka itakuwa kodi nyingine kwa jina la weledi.

Naafikiana nao kwa sehemu. Kijana anayetengeneza programu ya kuuza viatu haihitaji serikali impe kibali, na shahada ya chuo kikuu haijawahi kuwa dhamana ya umakini. Lakini ni jambo moja kumwacha huru muuza viatu, na jingine kabisa kumwacha huru yule anayeandika programu ya mashine ya mionzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 wa Marekani na Canada mionzi iliyozidi kipimo kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Programu yake ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja, na vizuizi vya chuma vilivyokuwa katika mashine za awali viliondolewa kwa imani kwamba programu inatosha. Kazi ya namna hiyo iwe na jina la mtu aliyetia sahihi, na mtu huyo awe na bodi inayoweza kumhoji. Tunamdai hivyo mchoraji wa ghorofa, na ghorofa ikianguka bila sahihi tunauliza kulikoni. Mswada unaowabana wote kwa kipimo kimoja utawakosa hao hao tunaowahitaji uwabane.

Nirudi kwenye msingi ule wa nane, maana ndio unaotuhusu sisi tulio darasani. Elimu ya maisha katika kazi hii imefasiriwa vibaya. Kijana hudhani ni kukimbilia kila lugha mpya ya kuandikia programu inayochomoza, akiacha ya jana kabla hajaimudu. Mwezi Aprili 2020, gonjwa la korona lilipowatupa watu wengi nje ya kazi, gavana wa jimbo la New Jersey alijitokeza hadharani kuomba wajitolea wanaoifahamu COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959, kwa kuwa mitambo ya jimbo ilikuwa bado inaitegemea. Lugha zilizokuwa za kisasa zaidi hazikuwafaa siku hiyo. Kinachodumu katika kazi hii ni vitu visivyong'aa: kuielewa shida kabla ya kuandika, kuandika kwa namna ambayo mwingine ataweza kusoma, kujaribu kwa nia ya kuvunja wala si kwa nia ya kujipongeza, na kusoma kwa makini habari za pale wengine walipoanguka.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 jambo hili limekuwa la dharura zaidi. Mwanafunzi anaweza sasa kuiomba tarakilishi imwandikie programu nzima, nayo ikamwandikia katika muda wa kupiga chafya. Baadhi ya walimu wanapiga marufuku. Wengine wamekata tamaa. Mimi naona kwamba swali limebadilika kidogo tu. Zamani tulimuuliza mwanafunzi kama anaweza kuandika. Leo tumuulize kama anaweza kuusimamia mstari ambao hakuuandika, akaeleza utafanya nini pale ambapo habari zinazoingia ni za uongo. Hilo ni swali la kihisi kile cha Bishoftu, na tarakilishi haiwezi kufungwa gerezani kwa kulijibu vibaya.

Walimu wenzangu watanikumbusha, na haki wanayo, kwamba elimu ya maisha tunaijua kwa uchungu. Tume ya Kuajiri Walimu ilipozindua mpango wa mafunzo endelevu mwaka 2021, kilichotawala mjadala kilikuwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu viliipinga. Kilichopotea katika zogo hilo ni swali la mtu mzima anajifunzaje kazi aliyokwisha kuizoea. Anayeketi katika semina akingoja cheti hujifunza kungoja cheti. Madaktari wana desturi ya kuketi pamoja kukichunguza kifo kilichotokea wodini, wakiulizana bila kuoneana haya ni wapi palipokosewa. Waandishi wa programu katika baadhi ya kampuni kubwa wana desturi inayofanana na hiyo, ya kuandika taarifa ya hitilafu bila kumsaka wa kulaumiwa. Desturi ya namna hiyo haina ada, na inaweza kuanzia katika maabara ya tarakilishi ya shule ya upili.

Mwalimu anayetaka kuanza, aanze na roketi ya Ariane 5 ya bara la Ulaya. Iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996, na kabla ya dakika moja kwisha ikapotoka na kulipuka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Programu hiyo ilijaribu kuitia nambari kubwa katika nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kubeba nambari inayozidi 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda kando, nambari ikazidi, chombo cha kuongoza kikazimika, na cha akiba, chenye programu ile ile, kikazimika vilevile. Wanafunzi huicheka sehemu hiyo ya akiba, nao wana haki ya kucheka.

Kisha wape sehemu ya pili, ambayo haichekeshi. Ripoti ya uchunguzi ilisema kwamba nambari za kukaguliwa zilikuwa 7. Wahandisi wa Ariane 4 walizikinga 4 na kuziacha 3 kwa makusudi, wakiwa na sababu nzuri: tarakilishi isielemewe na kazi, na kwa roketi ile nambari hizo zisingeweza kuzidi. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa roketi yao. Lakini sababu yake haikuandikwa mahali popote ndani ya programu yenyewe, na waliokuja baadaye walipoisoma hawakuona chochote cha kuwaonya. Waombe wanafunzi waiandike sentensi hiyo moja iliyokosekana, kwa Kiswahili sanifu, iwe fupi, na iwe ya kueleweka na mtu ambaye hawatakutana naye kamwe.